Shajara ya Mradi: Kisima cha Mvua, Mbuzi na Kuku Nyumbani kwa Bibi, Newala

Septemba

Mradi huu unafanyika nyumbani kwa Bibi, katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, na shajara inaandikwa kwa ajili ya ndugu walioko Masasi, Mtwara mjini na Dar es Salaam, ambao wamechangia fedha na wanastahili kuona zilivyotumika. Kaya ina watu saba: Bibi, Mama, mimi na mwenzangu, watoto wetu wawili, na mdogo wangu anayesoma darasa la sita. Mjomba anaishi kiambo cha pili, lakini kwa desturi ya Wamakonde ya kufuata ukoo wa mama yeye ndiye msemaji wetu, kwa hiyo hakuna nguzo itakayosimamishwa humu kabla hajaulizwa. Mifugo iliyopo ni mbuzi sita wa kienyeji, mmoja wao beberu, kuku wapatao thelathini, bata wanane, na mbwa mmoja ambaye hulinda siku anazojisikia kulinda.

Mbuzi wanalala katika kibanda cha fito chenye sakafu ya udongo, ambayo wakati wa mvua hugeuka tope. Kuku wengine wanalala jikoni, wengine juu ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Maji ya wote, watu na wanyama, yanatoka katika ndoo zilezile, na hapo ndipo shida yote inapoanzia.

Msomaji asiyeujua uwanda huu aelezwe kidogo. Udongo wetu ni wa kichanga, mvua inazama mara tu inapogusa ardhi na kwenda chini sana, hivyo huku juu hakuna mto wala chemchemi. Maji hujitokeza mabondeni, chini ya kingo za uwanda. Mtu akisimama Shimo la Mungu, pale Newala mjini, na kutazama mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Ruvuma, ataelewa kwa nini Bibi hadi leo husikitika akiona mtu anamwaga maji yaliyobaki kikombeni. Yeye na wenzake waliyachota huko chini na kuyapandisha kichwani. Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka mabondeni, na chanzo kinachotegemewa sasa ni visima virefu vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Hata hivyo, kuyapandisha maji mlima wote ule ni kazi ya mashine kubwa na gharama kubwa, na kilula chetu, yaani bomba la kijiji, hutoa maji kwa mgao.

Katika kikao cha familia Mjomba alipendekeza tuanze na banda la mbuzi, kwa hoja kwamba fedha za korosho zisipowekwa kwenye kitu kinachozaa zitaisha kwa nguo na sukari. Hoja yake ina ukweli. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbuzi anakula popote, lakini hanywi popote. Anza na shimo." Baada ya mjadala mrefu tumekubaliana juu ya utaratibu: kwanza kisima cha kuvunia maji ya mvua, pili banda la mbuzi, tatu banda la kuku.

Oktoba

Uchimbaji umeanza. Mahali palichaguliwa kwa masharti matatu: pawe karibu na nyumba kubwa, ambayo ndiyo yenye paa la bati, pawe mbali na choo, tena upande wa juu wake, na pawe mbali na mikorosho, kwa maana mizizi ya mkorosho husafiri mbali kutafuta unyevu na ikikuta ukuta wa saruji huupasua. Sharti la mwisho lilituhamisha kutoka mahali tulipopapenda mwanzoni, chini ya kivuli, hadi kwenye uwanja wa jua upande wa kusini wa nyumba.

Vipimo vya ndani, baada ya kupigwa lipu, vitakuwa mita 4 kwa mita 3, na bomba la kupunguzia maji yanayozidi litakaa mita 2.5 kutoka sakafuni. Kisima kikijaa hadi hapo kitakuwa na lita 30,000. Vijana wa kijiji wanaochimba wanalipwa kwa kina, si kwa siku, na mpango huo umesaidia kazi isikatizwe na korosho zinazoanza kuanguka.

Mwezi huu watu wote wazima wako mikoroshoni asubuhi, na mbuzi nao wako huko kwa sababu zao. Bibo likishatengwa na korosho yake huoza upesi sana, na mashamba mengi yanajaa mabibo ambayo hakuna anayeyahitaji isipokuwa watengenezaji wa uraka, pombe ya mabibo. Mbuzi wanayapenda mno. Tunda hili lina maji mengi na sukari nyingi, na huwapa nafuu ya kiu katika mwezi huu mkavu, lakini mbuzi akiachiwa rundo la mabibo yaliyoanza kuchacha hujaa tumbo na kulala akikoroma kwa maumivu. Utaratibu tuliouweka ni kwamba mdogo wangu huwapa mabibo mapya kwa ndoo, baada ya kuwa wamekula majani, na yaliyolala hufukiwa shambani. Mengine tumeyakata vipande na kuyaanika juu ya bati la zamani, nayo yamekauka vizuri. Yatatumika kuchanganya na pumba.

Novemba

Shimo limefika kina kinachotakiwa na limesimama likisubiri saruji, kwa kuwa malipo ya korosho huja baada ya mnada. Huku mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, chama kinazipeleka ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, inaziingiza mnadani, ndipo fedha zinaingia benki. Hatukuwa na sababu ya kukopa saruji dukani ilhali tarehe za mnada zilikuwa zinajulikana. Mifuko imeletwa juma la mwisho la mwezi.

Wakati wa kusubiri huko umetumika kwa chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao kwingine huitwa kideri. Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndugu wawili wameuliza kwa nini fedha zao zimekwenda kwenye matone wakati banda la kuku halijajengwa. Mdondo husababishwa na virusi, hauna dawa, na ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuwamaliza kuku karibu wote. Banda zuri haliuzuii. Chanjo inayofaa mazingira ya vijijini ni ile iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto kuliko chanjo za zamani: inaweza kusafirishwa kutoka mjini ikiwa imefungwa kwa kitambaa kilicholowa, mahali penye kivuli, bila kuhitaji barafu njia nzima. Kuku hupewa tone moja katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo mkubwa, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Chupa moja ina matone ya kutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya wiki ijayo. Kwa hiyo Mama amepita kwa majirani na kuandika majina, kila nyumba imechangia kwa idadi ya kuku wake, na afisa mifugo wa kata ametuelekeza namna ya kushika kichwa cha kuku na kusubiri hadi tone lisambae jichoni kabla ya kumwachia. Kazi ilifanyika alfajiri, kuku wakiwa bado wamelala. Wale wa juu ya mkorosho ndio waliotupa shida, na mmoja alitukimbia hadi jua likawa kali.

Desemba

Kazi ya saruji ilianza kwa kubandika wavu wa kuku kwenye kuta za shimo, ukashikiliwa kwa misumari mirefu, kisha lipu ikapigwa kwa uwiano wa ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga, matabaka mawili, na juu yake tabaka jembamba la saruji tupu iliyosuguliwa hadi ikateleza. Fundi alisisitiza kwamba lipu isipomwagiwa maji kila siku kwa wiki nzima itapasuka nywele, na hapo mvua zilizoanza kunyesha zilitusaidia, kwa kuwa kununua maji ya kunyeshea kisima kisicho na maji kungekuwa kichekesho cha aina yake. Mfuniko ni wa zege lenye nondo, wenye tundu la kuingilia mtu lililofungwa kwa bati zito, na kila bomba linaloingia au kutoka limefungwa wavu laini ili mbu wasipate pa kuzalia.

Mifereji ya paa imepewa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Kati ya mfereji na kisima pana kiungio kinachoweza kufunguliwa kwa mkono, na kiungio hicho ndicho sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu ya salfa. Kuanzia Mei hadi katikati ya kiangazi, mashamba yote ya uwanda huu hupuliziwa salfa ya unga kukinga mikorosho na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na vumbi lake la manjano hutua juu ya mapaa pamoja na vumbi la barabara, majani makavu na kinyesi cha ndege. Mvua za kwanza zilipokuja tulikiachia kiungio wazi, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Yote yalikwenda kwenye mashimo ya migomba. Kiungio kilifungwa baada ya paa kuoshwa na mvua nzito kadhaa, maji yalipoonekana meupe katika glasi.

Kwa upande wa familia, shule zimefungwa na ngoma za jando na unyago zimeanza vijijini. Kuku watano wamekwenda huko, wawili kwa zawadi na watatu kwa kuuzwa, na bei ya msimu huu wa sherehe ni nzuri kuliko ya miezi mingine.

Januari na Februari

Banda la mbuzi limejengwa kwa mtindo wa kichanja. Sakafu imeinuliwa mita moja kutoka ardhini, ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5, kipimo kinachowatosha mbuzi kumi kwa kadirio la mita moja na nusu ya mraba kwa kila mbuzi mkubwa. Fito za sakafu zimeachiana nafasi ya kidole, yaani kati ya sentimita moja na nusu na mbili: nafasi ikiwa ndogo zaidi kinyesi kinabaki juu, ikiwa kubwa zaidi kwato inanasa. Pembe moja imetengwa kwa watoto wa mbuzi, na huko fito zimekaribianishwa zaidi. Miguu ya nguzo imepakwa oili chafu dhidi ya mchwa, nao wameshaanza kuijaribu.

Mjomba alitaka paa la nyasi, ambalo ni la bei nafuu na lenye ubaridi. Tumeweka bati kwa sababu moja tu: paa hilo, pamoja na upenu wake, lina mita za mraba 20, na maji yake hukusanywa katika pipa lililo kando ya banda kwa matumizi ya mbuzi katika miezi ya mvua, ili kisima kisiguswe kabla ya wakati wake. Ili kupunguza joto, makuti yametandazwa juu ya bati upande wa magharibi, na kingo zake zimefungwa ili yasichafue mfereji.

Kinyesi kinachodondoka chini ya kichanja hukusanywa kila wiki na kupelekwa kwenye bustani ya mchicha, bamia na matembele. Mama, ambaye mwanzoni aliuona mradi huu kuwa wa wanaume na mbuzi wao, sasa ndiye anayekumbusha siku ya kufagia.

Mbuzi watatu wamezaa mwezi Februari. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, kwa hiyo walipandwa mwanzoni mwa msimu wa mabibo, jambo ambalo Bibi analiona la kawaida kabisa. Jike mmoja wa uzao wa kwanza alimkataa mtoto wake na kumpiga kichwa kila aliposogea. Katika hali kama hiyo muda ni mfupi, kwa kuwa mtoto wa mbuzi anahitaji kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za kwanza ili apate kinga ambayo hakuzaliwa nayo. Mama alimfunga jike kwa kamba fupi, Bibi akamshika mguu wa nyuma, na mtoto akanyonyeshwa hivyo mchana na usiku hadi mama yake alipomzoea harufu. Ni mwenye manyoya ya manjano, na watoto wamempa jina la Salfa.

Katikati ya Februari mvua zilikatika kwa siku nyingi mfululizo, kama inavyotokea mara kwa mara huku, na mahindi ya jirani yalijikunja majani. Kisima hakikushuka sana. Chanjo ya pili ya mdondo ilitolewa kwa wakati.

Machi

Banda la kuku limekamilika na ni dogo kuliko lile alilolichora mdogo wangu. Lina mita za mraba 10, ambazo kwa kuku wa kienyeji wanaotoka nje mchana zinatosha hadi hamsini. Kuta ni za udongo hadi kiunoni na wavu wenye matundu madogo juu yake, fito za kulalia zimepangwa kwa ngazi, na viota viko pembe yenye giza. Nyufa zote zimezibwa, kwa kuwa humo ndimo utitiri hujificha mchana na kutoka usiku kuwanyonya kuku wanaoatamia. Majivu ya jikoni yametandazwa kwenye viota na kwenye shimo dogo la kuogea vumbi.

Adui wa kuku nyumbani hapa ni wengi na kila mmoja ana saa yake. Mwewe huja asubuhi vifaranga wanapotolewa, nguchiro huja mchana watu wakiwa shambani, kenge hufuata mayai, na kicheche huja usiku na kuua zaidi ya anachoweza kula. Mlango wa banda umewekewa bati chini na kizingiti cha zege. Vifaranga wa wiki za kwanza hukaa chini ya tenga mchana, pamoja na mama yao, na hupewa pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa. Mchwa tunawapata kwa njia ya zamani: chungu kibovu kinajazwa nyasi zilizoloweshwa na kinyesi kikavu, kinafunikwa juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi kinafunuliwa kikiwa kimejaa.

Aprili

Mwezi huu umekuwa wa hesabu. Mjomba amepata mtu wa kumletea mbuzi kutoka mnada wa mbali kwa bei nzuri, na anataka idadi ifike ishirini na tano kabla ya kiangazi. Mambo mawili yalizungumzwa.

La kwanza ni la ugonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipothibitishwa katika wilaya za Tandahimba na Newala, watafiti waliuhusisha ujio wake na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, na kuletwa huku. Mbuzi anayesafiri mamia ya kilomita akiwa amebanana na wengine asiowajua huja na homa, mafua na kuhara ambavyo havionekani siku ya kununuliwa. Tumeamua kwamba mbuzi yeyote mgeni atatoka kijiji tunachokifahamu, na atakaa peke yake, kwenye kile kibanda cha zamani, kwa muda usiopungua wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake.

La pili ni la maji, na hapa mdogo wangu ndiye aliyekuwa na daftari. Paa la nyumba kubwa lina mita za mraba 70. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukichukua milimita 900 kwa msimu na kuacha sehemu moja ya tano ipotee, paa linatoa lita 50,400, kwa hiyo si paa linalotubana. Kinachotubana ni kisima, ambacho hakiwezi kuweka zaidi ya lita 30,000. Kiangazi chetu, kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Novemba, ni takriban siku 200. Lita 30,000 zikigawanywa kwa siku hizo ni lita 150 kwa siku, hakuna zaidi.

Maji ya kunywa na kupikia yataendelea kutoka kilulani. Kufua, kuosha vyombo na kuoga kunahitaji angalau lita 90 kwa watu saba, na huo ni ubahili. Zinabaki lita 60 za wanyama. Mbuzi mmoja mkubwa wakati wa kiangazi tumemkadiria lita 4, kwa hiyo mbuzi kumi ni lita 40. Kuku hamsini ni lita 15. Zinazobaki 5 ni za mbwa, za kuoshea vyombo vya kunyweshea na za kumwagika. Mbuzi ishirini na tano wangetaka lita 100 peke yao. Mjomba aliichukua kalamu, akaipitia hesabu mwenyewe mara mbili, kisha akauliza kama mbuzi wanaokula majani mabichi hawanywi kidogo zaidi. Ni kweli wanakunywa kidogo zaidi. Lakini majani mabichi ya Septemba yako wapi? Tulikubaliana kumi, wasiozidi.

Hesabu hiyohiyo imewahukumu bata. Bata hanywi tu, bali huoga katika chombo chake, hukitia tope na kudai maji mengine, na bata wanane walikuwa wanamaliza ndoo nzima ya lita 20 bila sababu ya kueleweka. Bibi aliwauza wote siku moja na hakuonekana kuwasikitikia, ingawa walikuwa wake.

Mei

Mvua za mwisho zimekijaza kisima hadi kwenye bomba la kupunguzia. Katikati ya mwezi kiungio kimefunguliwa na mfereji umetenganishwa na kisima hadi msimu ujao, kwa kuwa upuliziaji wa salfa umeanza na manyunyu yoyote ya kiangazi yangeingiza vumbi.

Kupima maji kunafanywa kwa ufito ulionyooka, wenye alama za sentimita, unaoteremshwa kwenye tundu la mfuniko. Kwa kuwa sakafu ya kisima ni mita za mraba 12, kila sentimita moja ni lita 120, na matumizi ya lita 150 kwa siku ni sawa na kushuka kwa sentimita moja na robo. Mdogo wangu hupima kila Jumamosi na kuandika daftarini, na amewakataza watoto wadogo kuugusa ufito huo kwa ukali ambao sijui ameutoa wapi.

Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo ukiwa umetulia. Siku za zamu ya shamba letu na la jirani, mbuzi na kuku hawafunguliwi hadi vumbi limetua, vyombo vya maji hufunikwa usiku, na mbuzi hulishwa bandani majani ya karanga yaliyokaushwa tangu mavuno, pamoja na majani ya mhogo yaliyonyauka juani siku iliyotangulia. Majani mabichi ya mhogo hawapewi, kwa kuwa yana sumu ambayo hupungua kwa kunyaushwa. Chanjo ya tatu imetolewa. Majirani walioandikishwa wameongezeka, na sasa chupa mbili zinahitajika.

Juni na Julai

Majike wawili wamenunuliwa kutoka kijiji cha jirani na wamemaliza muda wao wa kutengwa wakiwa wazima. Wakubwa sasa ni wanane, na watoto watatu wa Februari wameacha kunyonya na kuanza kunywa maji kama wakubwa, hivyo tumeshafika kumi na moja. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema beberu mzee auzwe, na ameuzwa kwa familia iliyokuwa inajiandaa kwa unyago wa likizo ya Juni. Beberu atakayefuata ataazimwa kutoka ukoo mwingine, kwa sababu majike wadogo waliopo ni mabinti wa huyo aliyeondoka.

Katikati ya Julai ufito ulipaswa kuonyesha sentimita 175. Ulionyesha 171. Tofauti hiyo ya sentimita nne ni lita 480, na chanzo chake kinajulikana: wageni wa unyago walilala kwetu, wakaoga, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia shangazi aliyetoka mbali kwamba ndoo ni moja. Upungufu utafidiwa kwa kuchota zaidi kilulani siku za mgao na kwa kupeleka maji ya kuoshea vyombo kwenye mipapai badala ya kuinyweshea maji safi. Mbaazi zinavunwa sasa, na majani yake pamoja na maganda yanawekwa juu ya dari ya banda kwa ajili ya Septemba na Oktoba.

Kuku wakubwa ni arobaini na wawili, na vifaranga wa majike mawili yaliyoatamia wametotolewa. Kicheche alifika mara moja, akachimba pembeni mwa kizingiti, akakutana na zege. Mbwa alibweka, ingawa ni baada ya hapo.

Mjomba ameshapima mahali pa kisima cha pili, karibu na banda la mbuzi, ili maji ya paa lile yasiishie kwenye pipa. Bibi hapingi, ila ameuliza saruji itatoka korosho za nani. Jambo hilo litaamuliwa baada ya mnada.

Kazi za Agosti ni chanjo ya nne, ambayo haipaswi kuchelewa kwa sababu mdondo hupiga zaidi kiangazi kinapokolea; dawa ya minyoo kwa mbuzi wote; na kubadilisha fito mbili za sakafu zilizoliwa na mchwa. Mifereji itasafishwa na kurudishwa mwishoni mwa Oktoba, na kabla ya hapo inabidi anayekuja kutoka Masasi atununulie kona mpya ya bomba, kwa kuwa ya sasa imepasuka.